Kutoka makabatini hadi kwenye mfumo: shajara ya mradi wa kampuni ya uwakili, Dar es Salaam, Machi hadi Septemba 2025

Mradi huu unahamisha masijala, kalenda ya mashauri, violezo na utafiti wa sheria wa kampuni ya uwakili ya ukubwa wa kati kwenda kwenye mfumo wa kielektroniki. Mashauri mengi ni ya madai, ardhi na kazi, ya Tanzania Bara. Majalada ya zamani kabisa ni ya miaka ya 1990.

Lengo limeandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa mpango kazi: pasiwe na shauri la mteja linaloondolewa mahakamani kwa sababu ya tarehe iliyopita, ukurasa uliokosekana au kiapo chenye kasoro. Kila kifaa na kila programu inapimwa kwa lengo hilo. Programu nyingi wanazouziwa mawakili siku hizi zinaahidi kasi. Kasi ina faida yake, lakini mteja hapotezi haki kwa sababu wakili alichapa polepole. Huipoteza siku ya 31, pale notisi ilipotakiwa ndani ya siku 30.

Machi: rejista kwanza

Skana haikununuliwa mwezi huu, kwa makusudi. Ukiskani masijala isiyo na rejista safi unabaki na fujo ile ile, ila sasa imo ndani ya kompyuta na huwezi hata kuipekua kwa mkono.

Rejista mpya ina safu hizi kwa kila shauri: mteja, wadaawa wengine wote, mahakama, namba ya shauri, namba ya rejea ya e-CMS (mfumo wa kielektroniki wa mahakama wa kusimamia mashauri), wakili mhusika, wakili wa pili, hatua iliyofikiwa, tarehe ya kutajwa au kusikilizwa, tarehe ya mwisho kisheria, na kabati na rafu lilipo jalada. Wakili wa pili si pambo. Ni mtu anayepata tahadhari zote anazopata mhusika, ili homa au safari ya mtu mmoja isigeuke kuwa maombi ya kuongezewa muda.

Namba ya rejea inataka uangalifu wa pekee. Mfumo wa e-CMS wa Mahakama ya Tanzania, uliochukua nafasi ya mfumo wa zamani wa JSDS, unatoa namba ndefu inayoanza na mwaka na tarehe, yenye tarakimu zaidi ya 15. Excel inatunza tarakimu 15 tu za namba, na zinazofuata inazigeuza sifuri bila kutoa onyo lolote. Kwa macho namba inaonekana nzima. Na kwa kuwa tarakimu za mwisho ndizo zinazotofautisha mashauri yaliyofunguliwa siku moja, mashauri mawili yanaweza kujikuta na namba moja. Dawa yake: panga safu nzima iwe maandishi kabla ya kubandika namba. Ukifanya hivyo baadaye haisaidii, kwa kuwa tarakimu zilizopotea hazirudi. Kisha weka safu ya ukaguzi inayohesabu urefu wa kila namba, na inayopungua iwake nyekundu.

Kazi nyingine iliyokula muda ni majina. Mteja mmoja anaweza kuwa Mohamed kwenye jalada la ardhi, Mohammed kwenye la mkopo na Muhammad kwenye la mirathi. Kwa wakili hili si suala la unadhifu wa kumbukumbu tu. Ukaguzi wa mgongano wa maslahi hufanywa kwa jina, na mfumo unaotafuta herufi kwa herufi utakuambia mteja mpya hana historia na kampuni wakati mwaka juzi mlimshtaki. Kitambulisho cha kila mtu kwenye rejista sasa ni namba: ya kitambulisho cha taifa (NIDA) kwa mtu binafsi, ya usajili wa BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, kwa kampuni. Jina linabaki kwa ajili ya kusomwa. Kabla ya kupokea kazi, karani anatafuta mteja, mpinzani, na wakurugenzi wa pande zote mbili. Bila wakurugenzi ukaguzi haujakamilika, maana mtu mmoja anaweza kuwa nyuma ya kampuni nne.

Aprili: saa ya ukomo

Huu ndio moyo wa mradi. Kalenda ya simu inakumbusha tarehe uliyoiandika. Haikuambii kama uliihesabu sawasawa. Kwa hiyo rejista imepewa jedwali la muda: ukichagua tukio na kuingiza tarehe yake, siku ya mwisho inatoka yenyewe. Yaliyoingizwa mwanzo:

- Utetezi wa maandishi kwenye shauri la madai: siku 21 tangu kupokea wito.
- Notisi ya rufaa kwenda Mahakama ya Rufani: siku 30 tangu uamuzi.
- Barua ya kuomba mwenendo wa shauri (kumbukumbu za yaliyojiri mahakamani) kwa ajili ya rufaa hiyo: ndani ya siku 30 tangu uamuzi, na nakala yake apewe mjibu rufaa.
- Kuwasilisha rufaa yenyewe: siku 60 tangu notisi.
- Mgogoro wa kuachishwa kazi, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi: siku 30. Migogoro mingine ya kazi: siku 60.
- Maombi ya mapitio ya tuzo (uamuzi) ya Tume, Divisheni ya Kazi ya Mahakama Kuu: wiki 6 tangu kukabidhiwa tuzo.

Hesabu yenyewe ni rahisi, kwani siku ya tukio haihesabiwi, kwa hiyo ni tarehe jumlisha siku. Makosa yako kwingine. La kwanza ni kuchanganya wiki na miezi. Wiki 6 ni siku 42, si mwezi mmoja na nusu, na tofauti ya siku tatu au nne inatosha kuua maombi. La pili ni siku ya mwisho kuangukia siku isiyo ya kazi. Uamuzi ukisomwa Ijumaa tarehe 30 Mei 2025, siku 30 zinaishia Jumapili tarehe 29 Juni. Sheria ya Tafsiri ya Sheria inaruhusu jambo lifanywe siku ya kazi inayofuata, yaani Jumatatu tarehe 30. Hata hivyo mfumo umewekwa uonyeshe Ijumaa tarehe 27 kuwa siku ya mwisho ya ndani ya ofisi. Jumatatu imeandikwa kando kwa rangi ya kijivu, ionekane bila kutegemewa.

La tatu ndilo baya kuliko yote: tukio la kuanzia. Wakili anayeanza kazi hupenda kuhesabu tangu alipopata nakala ya hukumu, kwa kuwa ndipo anapoweza kuisoma. Muda wa notisi ya rufaa haumsubiri. Unaanza siku ya uamuzi. Rejista kwa hiyo ina safu mbili, tarehe ya kusomwa na tarehe ya kupokea nakala, na fomula ya notisi imefungwa kwenye ile ya kwanza, mtumiaji wa kawaida hawezi kuibadilisha.

Barua ya kuomba mwenendo imepewa safu zake tatu: imeandikwa, imepokelewa masijala ya mahakama, imepokelewa na upande wa pili. Zile siku 60 za kuwasilisha rufaa hazihesabu muda uliotumika kuandaa mwenendo, ikiwa msajili atatoa cheti cha kuonyesha muda huo. Lakini mrufani hawezi kukitegemea cheti hicho kama hakuomba kwa maandishi, kwa wakati, na kumpa mjibu rufaa nakala. Nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa na wakili wa upande wa pili ni karatasi moja tu, nyepesi, na ndiyo rahisi kupotea kuliko zote kwenye jalada. Mfumo hauifungi hatua ya rufaa mpaka picha ya karatasi hiyo iwe imepandishwa.

Tahadhari zinatoka siku 14, 7 na 3 kabla, kwa watu wawili. Haziondoki kwa kubonyeza "sawa", ila kwa kuambatisha uthibitisho wa kufungua. Jambo hili dogo lina uzito kuliko programu yoyote ya gharama, kwa sababu mtu mwenye kazi nyingi hubonyeza "sawa" bila kusoma.

Mei: kuskani majalada

Skana iliyochaguliwa inameza karatasi 50 kwa mkupuo na kupiga kurasa 40 kwa dakika, pande zote mbili. Kinadharia hiyo ni kurasa 2,400 kwa saa. Kwa kazi halisi hesabu hiyo isahauliwe. Muda unaliwa na maandalizi: kutoa pini za stepla, kunyoosha kona, kutenganisha karatasi zilizogandana kwa unyevu, kurudisha kila kitu kwa mpangilio wake. Panga watu wawili wa maandalizi kwa kila mmoja wa mashine.

Mipangilio inayotumika: nukta 300 kwa inchi, rangi, PDF/A (aina ya PDF ya kutunza nyaraka kwa muda mrefu). Rangi ni lazima. Ukiskani kwa nyeusi na nyeupe, mhuri wa zambarau uliogongwa juu ya maandishi unageuka doa jeusi, na tarehe ya kupokelewa, ambayo pengine ndiyo sababu ya kutunza ukurasa huo, haisomeki tena. Ukurasa wa namna hii baada ya kubanwa una uzito wa takribani kilobaiti 300 hadi 600, kwa hiyo kurasa 100,000 ni gigabaiti 30 hadi 60. Nafasi si tatizo, na hakuna sababu ya kubana zaidi.

Mambo matatu yanaharibu kazi hii, na yote yanatokea mashine ikisema imemaliza salama.

Fulskepu. Mienendo ya zamani iliandikwa kwenye karatasi ya urefu wa milimita 330. Skana iliyopangwa kwa A4 inasoma milimita 297 na kuishia hapo. Milimita 33 zinazobaki ni mistari minne ya mwandiko chini ya ukurasa, mahali ambapo hakimu huandika amri na kusaini. Panga mashine ipime urefu yenyewe, au tenga fulskepu zote zipigwe peke yake.

Ukurasa mtupu usio mtupu. Skana nyingi hufuta zenyewe kurasa wanazodhani hazina kitu. Upande wa nyuma wenye mstari mmoja wa penseli, au wino wa bluu uliofifia, nao unafutwa. Zima kipengele hicho kabisa. Kurasa tupu chache kwenye faili hazimdhuru mtu.

Nakala za kaboni kwenye karatasi nyembamba. Zinavutwa mbili mbili. Washa kipima mnaso, kinachogundua karatasi zilizovutwa pamoja, na zile laini zaidi zipigwe kwenye kioo moja moja.

Kinga ya yote ni mhuri wa namba. Kabla ya jalada kwenda kwenye mashine, kila upande wenye maandishi unapewa namba kwa penseli au mhuri kwenye kona ya chini kulia, na idadi ya mwisho inaandikwa kwenye rejista. Baada ya kuskani, mtu mwingine, si yule aliyeskani, anafungua faili na kupitia namba hadi mwisho. Zikipishana hata kwa moja, jalada linarudi.

Kusomesha maandishi kunafanywa na Tesseract, programu huria yenye data ya Kiswahili na Kiingereza. Ziwashe lugha zote mbili pamoja, kwa kuwa jalada moja huwa na kiapo cha Kiswahili na hukumu ya Kiingereza. Kwa maandishi yaliyochapwa kazi ni nzuri. Kwa mwandiko wa mkono haifai, na hakuna mtu ofisini aruhusiwe kuhitimisha kwamba jina fulani "halimo kwenye jalada" kwa sababu tu utafutaji haukuliona. Tarakimu nazo zihakikiwe kwa macho: 1 na herufi l, 0 na O, 5 na S. Namba ya kiwanja iliyokosewa tarakimu moja ni kiwanja cha mtu mwingine.

Majina ya faili yanaanza na mwaka wa shauri, aina, namba, tarehe, waraka: 2019_MADAI_0143_20210615_HUKUMU. Tarehe ikianza na mwaka, kompyuta inapanga nyaraka kwa mfuatano wa matukio bila kuombwa.

Karatasi hazichomwi. Hati za umiliki, wosia, mikataba yenye mihuri na vielelezo vya asili vinabaki kwenye kabati la chuma, kwa kuwa mahakama inaweza kudai kuona asili.

Juni: violezo, kiapo na uthibitisho

Violezo vya hati ya madai, utetezi, maombi na viapo vimejengwa upya ili jina la mdaawa liingizwe mara moja na kujaa kila mahali. Ni kazi ya kawaida, isipokuwa sehemu mbili ambako otomatiki inadhuru.

Sehemu ya kwanza ni uthibitisho mwishoni mwa hati ya madai. Mdaawa anatakiwa kutaja kwa namba aya anazozithibitisha kwa ufahamu wake mwenyewe na zile anazozijua kwa kuambiwa. Aya zenyewe zinajipanga namba zenyewe. Wakili akiongeza aya mpya ya 7, iliyokuwa ya 7 inakuwa ya 8, ila uthibitisho uliochapwa kwa mkono unabaki palepale. Sasa mteja anathibitisha kwa ufahamu wake jambo aliloambiwa na jirani, na aya ya mwisho haijathibitishwa na mtu yeyote. Upande wa pili umepata bure pingamizi la awali. Kwenye violezo vipya namba zote za uthibitisho ni marejeo yaliyofungwa kwenye aya, si tarakimu zilizochapwa. Na marejeo hayo hayajisasishi mpaka yaamriwe: chagua waraka wote, bonyeza F9, kisha ndipo uchapishe. Agizo hilo limeandikwa juu kabisa ya kila kiolezo, kwenye kisanduku cha njano kisichochapishika.

Sehemu ya pili ni pale mwisho wa kiapo, mbele ya kamishna wa viapo, panapotakiwa mahali, tarehe na jina la anayeshuhudia. Kishawishi ni kuacha kompyuta ijaze tarehe. Kompyuta itajaza tarehe ya kuchapa. Mteja wa Mkuranga anafika kesho yake kuapa, na kiapo kinasema aliapa jana, siku ambayo hakuwapo. Nafasi hizo tatu zimeachwa wazi kwenye kila kiolezo, na zinajazwa kwa kalamu mbele ya mwapaji. Hapa kalamu inashinda mfumo, na itaendelea kushinda maadamu kiapo ni tendo la mtu kusimama mbele ya mtu.

Julai: toleo jipya la sheria

Toleo la Sheria Zilizofanyiwa Urekebu la mwaka 2023, lililozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Aprili 2025 jijini Dodoma, limeanza kutumika tarehe 1 Julai 2025. Kwa violezo maana yake ni kwamba kila "R.E. 2019" na "R.E. 2002" (R.E. ni "Revised Edition", yaani toleo la urekebu) inahojiwa, na namba za vifungu pia, kwa kuwa kwenye sheria kadhaa vifungu vimepangwa upya. Kubadilisha mwaka tu na kuacha namba ya kifungu ni hatari kuliko kuacha vyote, maana sasa rejea inaonekana mpya na inaelekeza kwingine.

Utaratibu: rejea zote za sheria zilizomo kwenye violezo zimetolewa na kuwekwa kwenye jedwali moja, kila moja na jina fupi. Kiolezo kinaita jina fupi. Wakili mmoja anafungua toleo jipya, anasoma kifungu, anaandika namba mpya, anasaini kwa herufi za mwanzo za jina lake, na wa pili anahakiki. Utafutaji wa rejea za zamani ufanywe kwa maumbo yote, kwa nukta na bila nukta, kwa nafasi na bila nafasi, kwa sababu mawakili hawaandiki kwa namna moja. Jedwali la muda la Aprili nalo limepitiwa. Siku ni zile zile, ila namba za vifungu zilizoandikwa pembeni zimehakikiwa upya moja moja.

Agosti: kufungua mtandaoni na ushahidi wa simu

Kanuni za kufungua mashauri kwa njia ya kielektroniki, Tangazo la Serikali Na. 148 la 2018, zinachukulia waraka umefunguliwa siku husika ukiwasilishwa kabla ya saa 6 usiku. Wengi wamelisoma hilo kama ruhusa ya kufanya kazi mpaka saa 5 na dakika 50. Isomwe pamoja na msimamo wa muda mrefu wa mahakama kwamba waraka unahesabika umefunguliwa ada inapolipwa. Kati ya kuwasilisha na kulipa kuna namba ya kumbukumbu ya malipo yenye tarakimu 12, ambayo inaweza kuchelewa kutoka, na mtandao wa benki au wa simu ambao unaweza kulala. Mteja asiingizwe kwenye ubishi wa saa ipi inahesabika. Sheria ya ofisi: kuwasilisha na kulipa kabla ya saa 8 mchana, siku mbili za kazi kabla ya mwisho. Picha ya skrini ya kuwasilisha na risiti ya malipo, zote zikionyesha saa, zinaingia kwenye jalada siku hiyo hiyo.

Waraka uliorudishwa na masijala kwa marekebisho unahesabiwa kuwa haujafunguliwa mpaka ithibitike vinginevyo. Akaunti ya e-CMS inaangaliwa asubuhi na saa 9 alasiri, na aliyeangalia anaandika jina lake, kwa sababu taarifa ya kurudishwa huingia kwenye akaunti na kukaa humo ikisubiri mtu.

Ushahidi wa WhatsApp sasa uko karibu kwenye kila mgogoro wa mkopo na wa ajira. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaitaka mahakama iangalie namna ujumbe ulivyotengenezwa na kuhifadhiwa, namna uzima wake ulivyolindwa, na namna mtumaji alivyotambuliwa. Hatua zinazofuatwa siku mteja anapoleta simu:

1. Simu haiondoki mikononi mwake. Mazungumzo yanatolewa kwa kipengele cha kuhamisha, pamoja na picha na sauti, kwenda kwenye diski ya ofisi kwa waya. Asikutumie kwa WhatsApp, kwa kuwa picha zinabanwa na taarifa zake za ndani zinaondolewa.
2. Alama ya SHA-256 ya kila faili (mfuatano wa herufi na tarakimu unaobadilika faili ikiguswa hata kidogo) inakokotolewa papo hapo na kuandikwa kwenye fomu pamoja na saa, aina ya simu na jina la aliyefanya kazi.
3. Nakala ya kufanyia kazi inatengenezwa. Ya asili haifunguliwi tena.
4. Aliyetoa mazungumzo ndiye anayeapa kiapo cha uhalisia, si wakili anayeendesha shauri.

Nakala za akiba zinafuata kanuni ya tatu, mbili, moja: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja nje ya jengo. Mara moja kwa mwezi jalada linachaguliwa bila mpango na kurejeshwa kutoka kwenye akiba, likahesabiwa kurasa. Akiba ambayo haijawahi kurejeshwa haihesabiwi kuwa akiba.

Septemba: akili mnemba

Imeachwa mwisho kwa sababu haina faida kwa ofisi ambayo haijui tarehe zake. Inapimwa kwa kazi nne: kutengeneza mfuatano wa matukio kutoka kwenye nyaraka, kufupisha nyaraka za upande wa pili, kuandika rasimu za barua, na utafiti wa sheria.

Tatu za kwanza zinafaa, kwa kuwa chanzo kiko mezani na kila sentensi inaweza kulinganishwa nacho. Sharti: kila tukio kwenye mfuatano lina namba ya ukurasa, na wakili anafungua ukurasa huo. Kazi ya mhuri wa namba wa Mei inalipa hapa. Kosa moja linajirudia kwenye tafsiri za maelezo ya mashahidi kwenda Kiingereza: shahidi aliyesema saa mbili usiku anaandikwa amesema saa nane usiku, kwa sababu programu inachukua tarakimu na kuacha mfumo wetu wa kuhesabu saa. Kwenye shauri la jinai hilo ni tofauti ya saa sita katika utetezi wa kuwapo mahali pengine. Saa zote zinahakikiwa kwa mkono.

Utafiti wa sheria ni habari nyingine. Mwaka 2023, kwenye shauri la Mata dhidi ya Avianca, mahakama ya shirikisho New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha kesi zilizobuniwa na ChatGPT. Juni 2025 Mahakama Kuu ya Uingereza, kwenye shauri la Ayinde dhidi ya Haringey, ilionya kwamba wakili anayefanya hivyo anaweza kufikishwa kwenye chombo cha nidhamu, na katika hali nzito zaidi kushtakiwa kwa kuidharau mahakama.

Kesi isiyokuwepo ni rahisi kuikamata. Inayotisha ni ile inayokaribia kuwa kweli. Sheria yetu ya Mwenendo wa Madai ya 1966 ilifuata ya India ya 1908, Amri kwa Amri (Amri ni mafungu makuu ya kanuni zake), na programu hizi zimesoma maandishi mengi zaidi ya India kuliko ya Tanzania. Ukiuliza muda wa utetezi chini ya Amri ya VIII Kanuni ya 1, unaweza kujibiwa siku 30, zinazoongezeka hadi 90. Amri ni sahihi, kanuni ni sahihi, lugha ni ya kisheria kabisa, na jibu ni la India. Kwetu ni siku 21, na nyongeza ni siku 10 kwa maombi yanayoletwa ndani ya muda huo au siku 7 baada yake. Mteja anayemwamini wakili aliyeamini jibu hilo amepoteza nafasi ya kujitetea. Mchanganyiko wa namna hiyo unatokea pia kwa Zanzibar, yenye Mahakama Kuu yake na sheria zake za mwenendo, ambayo programu huijumuisha na Bara kana kwamba ni sehemu moja.

Utaratibu ulioidhinishwa: programu inaweza kupendekeza mwelekeo, haiwezi kutoa rejea. Rejea inatoka TanzLII, maktaba ya mtandaoni ya hukumu na sheria za Tanzania. Wakili anaitafuta kesi kwa namba yake, mwaka kwenye mabano, alama ya mahakama kama TZCA (Mahakama ya Rufani) au TZHC (Mahakama Kuu), na namba. Anasoma hukumu yenyewe, ananakili aya anayoitegemea kwenye karatasi ya utafiti, na anaangalia kama kuna uamuzi wa baadaye wa Mahakama ya Rufani kuhusu jambo lile lile. Karatasi ya utafiti isiyo na aya iliyonakiliwa inarudishwa bila kusomwa.

Taarifa za wateja haziingizwi kwenye programu za bure. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ina masharti ya kusafirisha taarifa nje ya nchi, na seva za huduma hizi nyingi ziko nje. Juu ya hapo uko usiri wa wakili na mteja, ambao mwenyewe ni mteja, si wakili. Majina, namba za NIDA, namba za akaunti na za viwanja vinabadilishwa kwa alama kabla ya kitu chochote kupandishwa, na orodha ya alama inabaki ofisini. Mikataba ya kupokea kazi imeongezewa aya inayomweleza mteja programu zinazotumika na kumpa haki ya kukataa.

Yaliyobaki wazi

Majalada ya ardhi ya kabla ya 2005 hayajaskaniwa, na yatachukua muda mrefu kwa sababu ramani zake zinazidi upana wa mashine. Zitapelekwa kwa mtoa huduma mwenye skana ya A1, zikisindikizwa na karani anayerudi nazo siku hiyo hiyo. Safu ya tarehe ya kupokelewa na upande wa pili bado ina nafasi tupu kwenye rufaa za zamani. Kila moja inatafutwa kwenye jalada la karatasi, na isipopatikana, wakili wa upande wa pili ataandikiwa kuombwa nakala yake kabla rufaa haijapangiwa tarehe ya kusikilizwa.